Chemka, Olkaria au Bogoria: Kuchagua Mahali pa Kupumzisha Mwili kwenye Maji Moto

Msafiri anayepita kaskazini mwa Tanzania au katika Bonde la Ufa nchini Kenya, akiwa amebakiwa na siku moja tu ya kupumzika, huambiwa na kila anayemuuliza aende kwenye maji moto. Swali la maji moto yapi halijibiwi kirahisi, kwa sababu jina hilo moja tunalipa chemchemi inayotokota kiasi cha kuivisha yai, bwawa lenye joto la kumlegeza mtu mpaka usingizi umjie, na hata kisima ambacho mtu akijitosa ndani yake hushtushwa na ubaridi. Wapo waliosafiri saa tano wakitarajia kuogelea wakakuta maji yasiyogusika, na wapo waliobeba taulo zito na mafuta ya kukandia wakakuta vijana wakirukia majini kwa kamba. Wote hao walifika mahali pazuri, isipokuwa mahali penyewe hapakulingana na walichokuwa wakikihitaji siku hiyo.

Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo msafiri wa Afrika Mashariki hukutana nazo mara nyingi: Chemka, ambayo pia huitwa Kikuletwa, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, bwawa la Olkaria ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, na Ziwa Bogoria katika Kaunti ya Baringo. Kitagata, iliyoko Wilaya ya Sheema magharibi mwa Uganda, nimeiacha kwa makusudi. Chemchemi zake mbili, Ekyomugabe, iliyokuwa ya Mugabe, yaani mfalme wa Ankole, na Mulago, iliyopewa jina la hospitali kuu ya taifa hilo, huendewa zaidi na watu wanaotafuta nafuu ya maradhi, na mtu anayekaa pale kati ya wagonjwa anapaswa kuwa na nia tofauti na ya mtalii wa siku moja.

Vigezo nilivyotumia

Nimeziangalia sehemu hizi kwa mambo sita: maji yenyewe, njia ya kufika, huduma na stara, gharama, usalama, na kile ambacho mgeni anaweza kukiona jirani baada ya kutoka majini. Kwenye kigezo cha maji nimeongeza jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni hewa ya mahali. Joto la maji hupimwa na kipimajoto, lakini raha yake huamuliwa na upepo unaokupiga mabegani ukiwa umezama hadi kifuani. Maji ya nyuzijoto 38 ni neema asubuhi yenye ukungu, ilhali saa saba mchana katika bonde lenye jua kali maji hayo hayo ni adhabu.

Maji na hewa yake

Maji ya Chemka hayana moto. Hilo nalisema mwanzoni kabisa, kwa kuwa jina lake na lile jina lake lingine la Maji Moto yamewapotosha wengi. Ni maji ya uvuguvugu ulio chini ya joto la mwili, na dakika ya kwanza ngozi huyahisi kuwa ya baridi. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro hupenya katika miamba ya volkano, husafiri chini kwa chini, kisha hububujika katika nyanda za chini kusini mwa mlima. Kwa kuwa yamechujwa na mwamba, maji hayo ni maangavu kiasi kwamba unaiona mizizi ya mikuyu ikishuka hadi chini, na rangi yake ni ya samawati iliyochanganyika na kijani. Samaki wadogo huja kudonoa miguu ya anayetulia kando. Hewa ya pale ni ya joto na vumbi, tena eneo linalozunguka ni kame, kwa hiyo maji yaliyopoa kidogo ndiyo hasa mwili unayoyataka. Kwa mtu aliyeshuka Kilimanjaro jana yake, mapaja yakiwa yamekaza na vidole vya miguu vimevimba, sijui sehemu nyingine katika mkoa ule inayomfaa zaidi.

Olkaria ni kinyume cha hayo karibu kwa kila hali. Maji yake hayakutoka ardhini yenyewe; yalitolewa na visima vya mvuke vilivyochimbwa na KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme ya Kenya. Katika eneo hilo umeme umezalishwa kutokana na joto la ardhini tangu mwaka 1981. Mvuke unapotenganishwa na kupelekwa kuzungusha mitambo, hubaki maji ya moto yenye madini, na sehemu ya maji hayo ndiyo iliyogeuzwa kuwa mahali pa kuogea, pakafunguliwa mwaka 2013. Maji huingia yakiwa makali mno, hupita katika mabwawa madogo ya kuyapoza, na yanapolifikia bwawa kubwa yanakuwa na nyuzijoto takriban 30 hadi 40. Madini ya silika yaliyomo huyapa rangi ya samawati yenye maziwa, na harufu yake ni ya kiberiti, kama ya yai lililoharibika. Harufu hiyo huzoeleka baada ya robo saa, lakini mwenye pua nyepesi ajue mapema. Naivasha iko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake ni za baridi. Hapo ndipo maji ya Olkaria yanapoonyesha thamani yake: mvuke unapanda usoni, mabega yanaguswa na ubaridi, na mgongo uliokaa kwenye gari kwa saa kadhaa unaanza kulegea.

Bogoria ina maji ya aina mbili ambayo ni lazima yatenganishwe. Kuna chemchemi za Loburu kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa, ambazo maji yake hutokota na mengine huruka hewani, na hizo ni za kutazamwa tu. Wageni wengine huchemshia mayai humo. Ziwa lenyewe nalo halifai kuogelea, kwa kuwa ni la magadi makali yanayowasha macho na ngozi. Maji ya kuoga yako katika bwawa la hoteli lililo karibu na lango la Loboi, linalopata maji ya chemchemi ya joto. Kwa hiyo anayekwenda Bogoria huugawa mchana wake: anaistaajabia ardhi inayochemka, kisha anarudi kwenye bwawa lililojengwa. Bonde lile lina joto kali, na nawashauri wanaokwenda waingie majini kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Katikati ya mchana mwili hauna mahali pa kulipumzishia joto lake, hata kivulini.

Njia ya kufika

Chemka iko karibu zaidi na barabara kuu kuliko inavyodhaniwa, ila kipande cha mwisho ndicho kinachochosha. Barabara ya lami ya Moshi kwenda Arusha inakufikisha Boma Ng'ombe, na kutoka hapo unashika njia ya vumbi kuelekea Rundugai. Wasio na gari huchukua bajaji au bodaboda pale Boma, na ni vema kukubaliana na dereva juu ya safari ya kurudi kabla hamjaondoka, maana jioni vyombo vya kurudi huwa haba. Kiangazi vumbi huingia hata kwenye mkoba uliofungwa, na masika njia huwa ya utelezi. Kwa upande mwingine, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro uko katika wilaya hiyo hiyo, na msafiri mwenye ndege ya usiku anaweza kuimalizia siku yake hapo bila wasiwasi mkubwa.

Naivasha iko takriban kilomita 90 kutoka Nairobi kwa barabara ya lami. Matatu zinakufikisha mjini, na nyingine zinafuata barabara ya kusini mwa ziwa hadi karibu na lango la Elsa. Tatizo huanza ndani ya hifadhi, kwa sababu bwawa liko mbali na lango hilo. Wengi hukodi baiskeli langoni, jambo linalofurahisha wakati wa kwenda, lakini nililijutia wakati wa kurudi, nilipotoka kwenye maji ya moto miguu ikiwa haina nguvu na mbele yangu kuna mlima. Mwenye nia ya kupumzika kweli apange usafiri wa gari.

Bogoria ndiyo ya mbali. Kutoka Nairobi, kwa kupitia Nakuru na Marigat, safari huchukua saa nne hadi tano, na kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni kuutesa mwili uliodhamiria kuupumzisha. Naiona kuwa safari ya kulala usiku mmoja, au kituo cha kati kwa anayeelekea Ziwa Baringo na kwingineko kaskazini.

Huduma na stara

Jambo hili halizungumzwi vya kutosha, na kwa familia nyingi za kwetu ndilo linaloamua.

Olkaria imejengwa kwa kazi hiyo. Kuna vyumba vya kubadilishia nguo, bafu za kujisuuza kabla na baada, chumba cha mvuke, na mahali pa kula. Utaratibu wake ni wa bwawa la umma, kwa maana kwamba nguo za kuogelea ni za lazima na wanaume, wanawake na watoto hutumia bwawa kubwa pamoja. Mwanamke anayetaka kujisitiri hupata nafuu kwa nguo za kuogelea zenye mikono na miguu mirefu, mradi ziwe za kitambaa cha kuogelea, na rangi ya maziwa ya maji nayo humfunika anayezama mpaka shingoni.

Chemka ni mahali pa wazi. Vyumba vya kubadilishia ni vya kawaida sana, maji ni maangavu, na mwishoni mwa wiki watu hujaa, muziki husikika na nyama huchomwa. Kanga mbili hapo ni mali: moja ya kujifunga wakati wa kubadilisha nguo, nyingine ya kukalia. Siku za kazi asubuhi mambo hubadilika kabisa, na niliwahi kukaa pale tangu saa mbili hadi saa nne nikiwa na watu wasiozidi sita, sauti pekee ikiwa ya ndege na majani ya mikuyu.

Bogoria, kwa kuwa bwawa ni la hoteli, hutoa faragha inayotokana na uchache wa watu. Mzee asiyependa makelele atakaa kwa amani, chakula kipo karibu, na chumba cha kulala kiko hatua chache kutoka majini. Shangazi yangu, ambaye magoti yamemsumbua kwa miaka mingi, tulimpeleka sehemu mbili kati ya hizi, na sababu zake za kuipenda Bogoria hazikuhusu maji hata kidogo. Alisema alishuka kwa ngazi yenye mahali pa kushika, akatoka, akalala.

Gharama

Viingilio hubadilika, na hutofautiana kati ya raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo ni vema kuulizia siku chache kabla. Kinachodumu ni mpangilio wa malipo. Chemka ina kiingilio kimoja, na ziada ni kukodi tyubu la kuelea na chakula. Beba fedha taslimu. Olkaria ina malipo mawili, ya hifadhi na ya bwawa, na ya hifadhi hulipwa kwa njia ya kielektroniki. Bogoria ina ada ya hifadhi, ambayo inasimamiwa na kaunti, pamoja na malipo ya hoteli, na kwa kuwa kulala ni jambo la busara, ndiyo inayogharimu zaidi kwa jumla.

Usalama

Maji ya moto hutanua mishipa ya damu na kushusha shinikizo lake, ndiyo sababu mtu akisimama ghafla huona giza. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za shinikizo la damu, na mama mjamzito wazungumze na daktari kabla ya kuingia Olkaria au bwawa la Bogoria. Kwa mtu mzima mwenye afya, dakika 15 hadi 20 kwa awamu moja zinatosha, kisha atoke, anywe maji ya kunywa na kupumzika kabla ya kurudi. Watoto wadogo hupata joto haraka kuliko sisi, na pombe haipatani na maji hayo. Olkaria vua pia bangili na pete za fedha, kwa maana gesi ya kiberiti huzifanya nyeusi.

Hatari ya Chemka ni nyingine kabisa, nayo ni kina. Uangavu wa maji humdanganya mtu aone chini kuwa karibu. Asiyejua kuogelea akae pembeni au akodi tyubu, na kabla ya kurukia kwa kamba ni lazima kuangalia kama kuna mtu chini. Mawe ya kando yana utelezi, hivyo viatu vya maji husaidia.

Huko Loburu, ardhi inayozunguka chemchemi inaweza kuwa ukoko mwembamba uliofunika maji yanayotokota. Fuateni mwongozaji na mshikeni mtoto mkono muda wote. Ziwa limepanda sana katika miaka ya baada ya 2010, likafunika sehemu za barabara na baadhi ya chemchemi, kwa hiyo njia iliyoelezwa na aliyekwenda zamani isitegemewe.

Yaliyo jirani

Hell's Gate ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, pundamilia na twiga wakiwa kando yake. Korongo la Ol Njorowa ni zuri, lakini mafuriko ya ghafla yaliua watu humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019, na anayeona mawingu mazito hata kwa mbali asiingie.

Chemka yenyewe haina mengi pembeni, na hilo silioni kuwa kasoro kwa siku ya mapumziko. Mto Kikuletwa unaendelea hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yake huingia Pangani, kwa hiyo aliyezaliwa pwani ya Tanga anaweza kujiambia kwamba anaoga kwenye mwanzo wa mto wa kwao.

Bogoria ndiyo yenye utajiri mkubwa zaidi kwa macho. Heroe huweza kujaa ufuoni kwa wingi wa kuligeuza maji kuwa waridi, ingawa huhama kwa kufuata chakula, na kwenye miteremko kuna tandala wakubwa. Ziwa hilo liliingizwa mwaka 2011 katika Urithi wa Dunia pamoja na Nakuru na Elementaita. Mgeni ajue pia kwamba ni ardhi ya Waendorois, waliohamishwa katika miaka ya 1970 ili hifadhi iundwe, na ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2010, kwamba haki zao zilivunjwa. Kwao ziwa lile ni mahali pa ibada na matambiko. Kuchukua mwongozaji anayetoka katika jamii hiyo ni njia ya heshima ya kupaona, na simulizi zake zitakupa mengi kuliko bango lolote.

Uchague kwa hali yako

Kama umetoka kupanda Kilimanjaro, au una siku nzima kabla ya ndege ya usiku, au unasafiri na vijana wanaotaka kuogelea kweli, Chemka inakufaa, hasa siku ya kazi na ukiwahi asubuhi. Kama huwezi kuogelea na unachotafuta ni joto la kulegeza mwili, utavunjika moyo huko.

Kama uko Nairobi na una siku moja tu, mgongo unauma, na unataka bafu safi na mahali pa kubadilishia nguo, nenda Olkaria. Chagua miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, fika mapema, na usiende kwa baiskeli isipokuwa una nguvu za kurudia. Mwenye pumu anayesumbuliwa na harufu kali afikirie mara mbili.

Kama unasafiri na wazazi au wazee, mna siku mbili, na mnapenda kutazama kama mnavyopenda kuoga, Bogoria inastahili mwendo wake. Panga kuwasili alasiri, oga jioni, ulale, kisha uende Loburu kunapopambazuka, kabla jua halijawa kali na wakati mvuke wa chemchemi bado unaonekana mzito juu ya ufuo.

Na kama mnasafiri na mtoto mchanga au mama mjamzito, kati ya hizi tatu ningeanza na ukingo wa Chemka wenye maji madogo, asubuhi ya siku ya kazi, kwa kuwa pale hakuna joto la kumdhuru yeyote, na kivuli cha mikuyu kinatosha kutandikia mkeka mpaka mchana.